Mgeni Aliyesikiliza Vizuri

Nunguni, Makueni
Machi 9, 2025

Mwanangu Nthenya,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa jina la mama yangu ulilolibeba. Huku sote tu wazima. Kaka yako Mutie amepanda maharagwe na mvua haijaja. Anasema redio imemwambia iko njiani, nami nimemjibu kwamba redio haina shamba. Ng'ombe yule mwekundu amezaa dume, kwa hiyo hakuna wa kumpongeza. Cherehani yangu bado inakwenda, na wazazi bado wanataka sare za watoto Jumatatu baada ya kuleta kitambaa Jumamosi jioni.

Utauliza siku hizi nani anaandika barua. Mama, mara ya mwisho uliponipigia simu, mwezi wa nane mwaka jana, ulipiga kelele hadi nikakuonea huruma, na sikushika hata neno. Uliuliza kitu, nikakujibu mambo ya kuku, ukanyamaza, kisha simu ikakatika. Najua haikukatika yenyewe. Na meseji za simu nazo, herufi zake ni kama mayai ya chawa. Kwa hiyo tuandikiane, kama tulivyoandikiana na baba yako alipokuwa kazini Mombasa. Mutie atakuwa akipeleka barua kwenye ofisi ya vifurushi vya basi, nawe utazichukua mjini.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita alikuja daktari wa masikio huko mjini Wote. Alinichungulia kwa tochi, akanivalisha vitu kichwani, akaandika sana. Sikio la kulia alisema limekwenda, nisilisumbue. La kushoto limebaki kidogo, na hicho kidogo hakitafika mwisho wa mwaka. Nilimuuliza kuhusu kile kidude anachovaa mzee Ngui. Akasema kwa Ngui ni mlango tu uliokwama, kwangu ni nyumba yenyewe inayobomoka. Ni kijana, lakini anajua kusema na watu.

Kwa sasa mtu akikaa upande wangu wa kushoto, akasogeza mdomo karibu na kuongea polepole, namsikia. Mutie nimemsikia vya kutosha. Wewe sijakusikia vizuri tangu Krismasi ya mwaka juzi. Njoo ukae nami siku mbili uniongeleshe. Hata ukinisomea gazeti la zamani, sawa. Nikiingia kwenye ukimya huo nataka niingie na sauti yako.

Ndengu zimekauka vizuri. Ukija utabeba.

Mama yako,
Kaluki


Woodley, Nairobi
Machi 30, 2025

Mwaitu mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Barua yako ilichelewa kwa sababu karani wa ofisi ya basi aliiweka chini ya kreti la vifaranga. Inanuka kuku lakini imesomeka. Mimi ni mzima. Bado nakaa na Maureen kwenye kile chumba cha uani, na mwenye nyumba amepanda sukuma wiki hadi mlangoni petu, tunaruka tukitoka. Maureen amepata kazi ya dukani huko Karen. Anaondoka alfajiri, kwa hiyo mchana hakuna mtu hapa. Vitu ukituma, tumia anwani niliyoandika nyuma ya karatasi hii. Ni Kileleshwa, nyumba ninayofanyia kazi. Askari wa geti anaitwa Obuya, ni mwaminifu, atanipokelea.

Kazi yenyewe utacheka. Nalipwa kuongea. Kuna mama mmoja Mkorea, Bi Ryu, umri wake kama wako. Mumewe ameletwa huku na kampuni ya mitambo. Kiingereza cha vitabuni anakijua kunishinda, ila mdomo unaogopa. Siku nne kwa wiki tunakaa mezani kwake na kuongea tu. Kanuni ni moja: mazungumzo yasife. Akikwama, namuuliza kitu. Akiniuliza, ni lazima nijibu, hata kama sina jibu. Tuna kadi zenye mada: sokoni, hospitalini, familia, hali ya hewa. Kadi moja inasema kila mtu alete picha kutoka kwao aieleze. Nilipeleka ile yako ya sare ya akina mama wa kanisa, ya zamani, ulipokuwa umenona. Aliipenda sana, akaomba ibaki kwake.

Mama yake alifariki mwaka jana yeye akiwa huku Nairobi, na hakuwahi mazishi. Wakati mwingine tunaongea mambo ya nyanya na vitunguu, na machozi yanamtoka.

Mwaitu, mama yangu, mambo ya sikio nimeyasoma mara nyingi. Nitakuja. Lakini ana mtihani wa kuongea mwezi wa sita, na sasa hivi kuomba ruhusa si rahisi. Nipe hadi Mei.

Mwanao,
Nthenya


Nunguni
Mei 25, 2025

Mwanangu,

Salamu. Mvua ya Mutie ilikuja, kidogo, ya kumfanya aringe. Mama Kiema jirani amepata mjukuu na amempa jina ambalo hakuna mtu huku anayeweza kulitamka, naye mwenyewe akiwemo. Mimi nimeshona gauni la ubatizo.

Mei naiona inaishia. Sikutaka kukukumbusha, nimeandika tarehe juu tu.

Kuku sasa siwasikii. Naona wanafungua midomo. Kengele ya kanisa naisikia, na ngoma, na Mutie akigombana na punda. Juzi nilimwomba mtoto wa shule anisomee Zaburi sikioni, nikashika nusu.

Huyo mama Mkorea, mbona unamwogopa? Mwambie una mama, na mama huyo amebakiwa na sikio moja. Mwanamke ambaye hakuwahi kumzika mama yake hawezi kukunyima siku mbili. Mtu akiumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo, naye ameshaumwa, ataelewa kabla hujamaliza. Mwambie hivyo tu, kwa Kiingereza chenu.

Au nije mimi? Basi nalijua, na mdomo wa kuulizia njia ninao. Kasoro ni kusikia jibu.

Mama yako


Woodley
Juni 22, 2025

Mwaitu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu haikusumbui na baridi hii. Huku Nairobi jua halijatoka wiki nzima. Mpe Mama Kiema pongezi zangu, na mtoto ajaliwe afya.

Tafadhali usije. Mji huu si wa mtu asiyesikia honi. Chumba chenyewe ni kitanda kimoja, mimi na Maureen tunalala kichwa kwa miguu. Nitakuja mimi.

Bi Ryu amepita mtihani wake, lakini ameniomba tuendelee. Amenizoea. Siku za kazi ananipikia, ananifungia chakula cha kwenda nacho, na akiniona sina sweta ananivalisha lake. Ananiita kwa neno la kwao ambalo ni kama "mtoto wangu." Nilitaka kumwambia habari zako. Nilifika nikiwa nimeyapanga maneno, lakini kadi ya siku hiyo ikawa ya hali ya hewa, tukaongea mawingu hadi muda ukaisha. Si rahisi kama unavyoona, Mwaitu. Kuna mambo ukishayasema yanajenga nyumba yake, na kuyabomoa ni kazi.

Agosti 14, siku niliyozaliwa, nitakuwa kwako. Nakuahidi. Nitakaa upande wa kushoto na utanichoka.

Mwanao,
Nthenya


Woodley
Agosti 6, 2025

Mwaitu,

Salamu. Naandika haraka ili barua iwahi basi la leo.

Tarehe 14 sitaweza. Bi Ryu ana shughuli nyumbani kwake siku hiyo. Ni desturi yao ya kumkumbuka marehemu, na ameshikilia kwamba lazima niwepo. Nimejaribu kumwepa, nikashindwa. Nitakuja wiki inayofuata, au Septemba ikianza.

Usikasirike. Jilinde na baridi.

Nthenya


Woodley
Agosti 21, 2025

Mwaitu mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko? Mutie alivuna? Mimi ni mzima kidogo, mafua tu.

Nimepata kiondo. Ndengu ni safi, na asali ile tumeilamba na Maureen hadi kwenye kifuniko. Asante sana kwa kunikumbuka siku yangu ya kuzaliwa.

Obuya aliniambia kililetwa na mama mmoja aliyekuja asubuhi ya tarehe 14. Nayaandika maneno yake alivyoyasema: "Huyo mathe hakuongea hata kitu moja. Alinipea tu karatasi iko na jina yako, nikamwambia apande juu. Nikajua ni wale wa parcel." Mimi nilikuwa mjini kutoa nakala za kadi mpya, nilifika mchana.

Ulimtuma nani? Mpe shukrani zangu. Na kama aliona kitu huko juu ambacho hakukielewa, mwambie nitakieleza.

Nijibu, Mwaitu.

Mwanao,
Nthenya


Nunguni
Oktoba 19, 2025

Nthenya,

Salamu kutoka kwa wote. Mutie alivuna magunia machache, wadudu wakachukua fungu lao la kumi. Ng'ombe hajambo.

Nimekawia kujibu kwa sababu ya sare za shule.

Kiondo nilimpa mwanamke wa kanisani aliyekuwa na safari ya Nairobi. Alisema hakukukuta. Alisema nyumba ni safi, jikoni kunanukia kitunguu saumu, na mwenye nyumba ana mikono ya baridi lakini anashika mtu kwa nguvu. Zaidi ya hapo hakusema.

Mambo ya sikio usijisumbue nayo tena. Hakuna haraka sasa.

Kaluki


Woodley
Novemba 9, 2025

Mwaitu,

Leo sina habari za nyumbani za kukupa. Maureen ni mzima, sukuma wiki zimekauka. Hizo ndizo salamu.

Ulikuwa wewe. Nilijua siku ileile, na bado nikakuandikia kuuliza ulimtuma nani. Nilifika saa nane mchana, Bi Ryu akanikumbatia mlangoni, uso wake unang'aa. Akasema: "Leo nimeongea saa nzima na mama yako mkubwa, anafanana sana na picha. Bila kadi, bila wewe. Aliitazama picha ya mama yako akalia, nikamwambia yote, jinsi tunavyomkumbuka. Hakunikatiza hata mara moja. Anasikiliza vizuri sana." Alijivunia, Mwaitu. Yalikuwa mazungumzo yake ya kwanza na mgeni. Kisha akanionyesha kiondo, nami nilikuona ukikisuka nikiwa darasa la saba. Nikashuka ngazi mbio hadi kituo cha basi, na basi la Nunguni lilikuwa limeondoka. Nikarudi nikala chakula cha shughuli, nikainama kila alipoinama.

Acha nikwambie ilivyoanza. Si kwa kujitetea, maana sina pa kushika. Siku yangu ya kwanza kwake, Januari, kadi ilikuwa ya familia. Akaanza kueleza mama yake alivyokufa, akakwama, akalia. Kisha akafuta macho akaniuliza: "Na wewe, mama yako? Mnaongea kila siku?" Mwaitu, wakati huo nilikuwa sijakupigia tangu siku ile ya kuku. Nilikuwa nimekata simu mimi mwenyewe, kwa kuchoka, kwa kuona aibu kupiga kelele huku watu wakinichungulia dirishani, na kila wiki iliyopita ilifanya iliyofuata iwe ngumu zaidi. Ningemwambiaje mtu anayemlilia mama yake kwamba mimi wangu yupo na simpigii? Nikasema wangu pia amekufa. Mazungumzo hayatakiwi kufa, nikakuua wewe ili yaendelee.

Alinishika mikono. Akaniuliza tarehe. Tarehe pekee niliyoikumbuka bila kufikiri ni ya kuzaliwa kwangu. Sikujua kwamba kwao tarehe hiyo huandikwa na kungojewa, na watu hupika. Tangu hapo nisingeweza kuomba ruhusa ya kwenda kumwona mama. Uliponiandikia "mwambie hivyo tu," nilikuwa natamani ningekuwa na kitu cha kumwambia.

Nakuomba msamaha. Nataka kuja Krismasi. Niambie kama nije.

Nthenya


Nunguni
Desemba 14, 2025

Mama,

Salamu. Mvua za mwaka huu zimekuwa za kusingizia. Mutie ameuza dume, nilimsikitikia kidogo. Dume, si Mutie.

Barua yako nilimaliza kuisoma nikaiweka chini ya cherehani, nikashona, nikaitoa tena. Nimefanya hivyo siku nyingi. Sasa nakujibu.

Uliposema huwezi kuja siku yako ya kuzaliwa, nilisema basi, mlima hauji, miguu ninayo. Nilifika stendi ya mjini, nikampa mtu wa boda boda karatasi, akanipeleka. Askari wako akafungua mdomo, nami nikampa karatasi. Mlango ukafunguliwa na yule mama. Nikajiona mezani. Nimevaa sare, nimenona. Mbele yangu mshumaa, matunda yaliyokatwa vichwa, na bakuli la wali lenye kijiko kimesimama katikati.

Mimi nilimwona mama yangu, Nthenya mkubwa, akimwaga uji kwenye kona ya boma kwa ajili ya waliotangulia. Kanisa lilitukataza baadaye, lakini macho yalishaona. Meza ya marehemu sihitaji kutafsiriwa. Na kwetu mtu hamwagiwi uji akiwa hai. Kufanya hivyo ni kumwita aje huko waliko. Wewe unalijua hilo, ulilelewa hapa. Yeye hajui, simlaumu.

Alinishika mikono yote miwili akaongea. Niliona midomo yake na machozi yake. Sikio la kushoto nilimgeuzia, likashika mvumo tu, Kiingereza hata nikikisikia sikijui. Nikatingisha kichwa tu. Nikafikiri, huyu mwanamke ananililia mimi. Sidhani kuna mtu amewahi kunililia hivyo, na huenda hata siku yenyewe ikifika hawatafika nusu yake. Akanipa tunda moja kutoka pale mezani, lile la manjano. Nililila kwenye basi. Ni tamu. Nimekula matanga yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ungeniambia. Hilo ndilo linaloniuma, si meza. Ungeandika, "Mwaitu, nimesema uongo, siwezi kuomba ruhusa," ningecheka, ningekuja kama shangazi yako, kama mpishi wako, kama mtu wa vifurushi. Ningekaa kwenye ngazi na wewe, ukaongea kidogo upande wa kushoto, nikarudi nyumbani.

Sikio lilifunga Oktoba, siku ya Jumapili, mchungaji akiwa katikati ya mahubiri. Nilidhani amenyamaza ili tuombe, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa bado anaongea. Si kosa lako, daktari alishasema. Lakini nilikuwa nimekuja kusikia sauti yako ikisema chochote.

Krismasi usije. Sijakufukuza. Uso wangu haujawa tayari, na mimi si mzuri wa kuficha uso.

Sasa nikwambie langu, usidhani wewe peke yako ndiye mwongo wa ukoo huu. Ibada ikiisha, wenzangu hukaa nje kwenye mabenchi na kupigiwa simu na watoto wao. Tangu ulipoacha kunipigia, mimi nami hutoa simu yangu, naiweka sikioni, naongea nawe. "Hujambo mama, nimekula, Mutie hajambo." Wanajua nina shida ya masikio lakini hawajui imefika wapi. Mama Kiema huniuliza Nthenya anasemaje, namwambia anakusalimu. Umemsalimu sana Mama Kiema mwaka huu.

Juzi alinichungulia begani akaona kioo cha simu ni cheusi. Hakusema kitu, na hilo ndilo baya.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Jumapili ya kwanza ya Februari, saa saba mchana, nipigie. Sitasikia. Lakini simu itatetemeka mkononi, nami nitaipokea mbele yao. Wewe ongea unachotaka, au usiongee. Usikate tu kabla yangu.

Kuhusu msamaha uliouomba, karatasi imeisha.

Mama yako,
Kaluki


Woodley
Februari 1, 2026

Mwaitu mpendwa,

Salamu kwako, kwa Mutie, na kwa Mama Kiema, safari hii za kweli.

Bi Ryu nilimwambia ukweli kabla ya mwaka kuisha. Hakuna kadi ya jambo hilo, nililisema vibaya, na ikabidi nilirudie. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mama mkubwa, yule aliyelia?" Nikasema ndiye. Akaweka mkono mdomoni. Akaenda akaitoa picha yako mezani, akaifunga kwa kitambaa, akanipa kwa mikono miwili huku ameinama, sijui alikuwa ananiinamia mimi au anakuinamia wewe. Siku iliyofuata mumewe aliandika kwamba masomo yamesimama. Sijaitwa tena. Nilimpenda, Mwaitu, na nadhani naye alinipenda, ila alimpenda yatima. Natafuta kazi nyingine. Picha iko hapa kwenye kabati la vyombo, bila chakula mbele yake.

Leo nilitoka nyumbani mapema kwa sababu Maureen alikuwa amelala. Nikaenda hadi mjini. Jumapili katikati ya jiji hakuna watu, maduka yamefungwa, nikakaa kwenye ngazi za benki moja Kenyatta Avenue. Saa saba nikapiga. Ulipokea upesi.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilitaka kusema kila kitu kwa sauti, hata kama hakuna wa kusikia. Lakini ulianza kabla yangu. "Hujambo, mama," ukasema, kisha ukanyamaza, urefu uleule ambao mtu anahitaji ili ajibu. Nimelipwa kuongea, na sijaona mtu mwingine anayejua kunyamaza hivyo. Nikabaki nimeshika simu. Ukasema, "Mimi ni mzima." Ukanyamaza. Ukasema, "Nimekula, na wewe usikae njaa." Nyuma yako walikuwa wanacheka, kuna mtoto alikuwa analia, sauti zote ambazo wewe huna tena zilikuwa zinanifikia mimi. Ukanyamaza tena, safari hii kwa muda mrefu, hadi nikadhani umesahau. Kisha ukasema polepole, kwa sauti ya chini kuliko ile ya kwanza: "Basi, mama. Yameisha. Yalishaisha."

Nilikuwa sijasema kitu. Mdomo wangu ulikuwa wazi tu.

Sijui kama ulikuwa unaniambia mimi, au ni maneno ya kumridhisha Mama Kiema. Nimejiuliza njia nzima nikirudi Woodley kwa miguu. Usiniandikie jibu la hilo, nakuomba. Sikukata, Mwaitu. Nilingoja hadi ukakata wewe, na hata baada ya hapo nikabaki na simu sikioni.

Jumapili ijayo, saa saba, nitapiga.

Mwanao,
Nthenya